Mwenye Lori Kuwa Dalali wa Shehena

Kabla jua halijachomoza juu ya migomba ya Ndama, wakati ukungu wa Karagwe ungali umelala mabondeni, mwenye lori husikika kabla ya kuonekana: huzunguka gari lake akigonga matairi kwa kipande cha nondo, moja baada ya moja, kichwa amekiinamisha kama tabibu asikilizaye kifua cha mgonjwa, kwa kuwa tairi lililoshiba upepo hurudisha pigo kwa mlio mkavu, na lile lililopungukiwa hulimeza kimya kimya. Juu ya bodi ya Fuso, utingo hupokea mikungu ya ndizi anayopandishiwa, akiipanga safu kwa safu, na kila safu akiitandikia majani makavu ya mgomba ili isichubuane njiani, maana ndizi iliyochubuka hufika Shinyanga nyeusi, na ndizi nyeusi haina mnunuzi ila yule anayetaja bei yeye mwenyewe.

Asubuhi moja ya namna hiyo, nikiwa nimesimama kando nikisubiri lifti, nilimwona mwenye gari akiitwa na simu mara tatu kabla hajamaliza kugonga magurudumu yake. Wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa maharage wa Omurushaka, mwenye magunia mia aliyotaka yaondoke siku ile ile. Wa pili alikuwa mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kayanga, ambaye mabati yake yalikuwa yamelala Mwanza wiki nzima kwa kukosa gari. Wa tatu alikuwa dereva mwenzake, aliyeshusha mzigo Mwanza usiku uliopita na ambaye hakuwa na chochote cha kurudi nacho. Wawili wa kwanza aliwajibu kwamba samahani, gari limeshajaa, na wa tatu kwamba hana mzigo wa kumpa, kisha akaitia simu mfukoni, akanitazama, akasema: "Mwalimu, umesikia? Pesa ya dalali nimeitupa mara tatu, na chai sijanywa."

Alisema kweli, tena kweli iliyo kubwa kuliko alivyokusudia, kwani mabati yalikuwa Mwanza na lori tupu lilikuwa Mwanza, na watu wawili waliohitajiana walikuwa wamepita katika sikio moja, dakika tano baina yao, wasijuane. Swali lake, ambalo ni swali la wenye malori wengi wa Karagwe na Kyerwa walio na gari moja na usukani wake mikononi mwao, ni hili: je, mtu aliyezoea kuchukua mizigo ya watu kwa gari lake mwenyewe afanye pia kazi ya kuwatafutia wenzake mizigo, na kula ujira wa katikati?

Ndama, kwa asiyefahamu, ni kata mojawapo ya Wilaya ya Karagwe, ambayo makao yake makuu ni Kayanga. Na msomaji wa pwani asidhani kuwa tunazungumza habari za watoto wa ng'ombe, ijapokuwa ng'ombe nao hawakosi huko. Kyerwa ilikatwa kutoka Karagwe mwaka 2012, lakini kwa mambo ya uchukuzi wilaya hizi mbili zingali nyumba moja yenye milango miwili mitatu: upo mlango wa Kyaka, unaofikiwa kwa lami kutoka Bugene, na kupitia huko mtu hushika njia ya Bukoba na Muleba, au ya Mutukula na Uganda, upo mlango wa kusini, unaoshuka hadi barabara kuu ya Rusumo na Nyakanazi, na upo mlango wa Murongo, kando ya Mto Kagera, ambao una mambo yake, nasi tutaufikia. Yanayotoka ni ndizi, maharage, mahindi na kahawa. Yanayoingia ni saruji, mabati, sabuni, chumvi, na kila kitu kisichoota shambani.

Wala biashara ya kuchukua vitu vya watu si ngeni katika nchi hiyo. Speke na Grant, wasafiri wa Kizungu, walipofika kwa Rumanyika, Mukama (mfalme) wa Karagwe, mwaka 1861 waliwakuta Waarabu wamekwisha kutangulia, na Stanley, alipopita mwaka 1876, aliwakuta wamefanya maskani pale Kafuro, si mbali na Bweranyange, wakipokea nguo na shanga zilizotoka pwani kwa njia ya Tabora na kurudisha pembe za ndovu. Hapakuwa na gurudumu. Lori la siku hizo lilikuwa bega la mpagazi, na kipimo chake frasila mbili au karibu ya hapo. Na huko Bagamoyo, mahali misafara ilipofungiwa, palikuwa na mtu mmoja aitwaye Sewa Haji, ambaye Wazungu wengi waliotaka kwenda bara walimwendea yeye kwanza, kwa sababu ndiye aliyewapata wapagazi, akawaandika, akawakabidhi pamoja na vifaa vya safari. Sewa Haji hakujulikana kwa kubeba hata frasila moja, naye akawa tajiri hata akatoa mali ya kujengewa hospitali Dar es Salaam iliyoitwa kwa jina lake. Akafariki mwaka 1897. Huyo ndiye dalali wa shehena kwa maana yake kamili: mtu asiye na mgongo katika safari, ila ana neno ambalo pande zote mbili huliamini.

Yupo na mwingine wa zama hizo hizo aliyeshika njia tofauti. Charles Stokes, mtu wa Ireland aliyekuja na wamisionari, alianza kwa kuongoza misafara ya misheni, akaingia katika biashara yake mwenyewe ya pembe na bunduki, hata mara nyingine ikawa vigumu kujua ni mzigo wa nani alioubeba na kwa faida ya nani, mpaka mwaka 1895 ofisa mmoja wa Dola ya Kongo alipomkamata na kumnyonga kwa tuhuma ya kuwauzia silaha maadui. Sisemi kwamba kila dereva anayegeuka dalali atanyongwa. Nasema tu kwamba kazi ya kubeba na kazi ya kuamua nani abebe, zikikaa katika kichwa kimoja, huzaa maswali ambayo kila moja ikiwa peke yake haiyazai.

Neno dalali tumelipata kwa Waarabu, na kwa asili ni mtu aonyeshaye njia. Mjini limezoeleka kwa wa mnada na wa nyumba, na kwa hao limechafuka kidogo. Ndiyo maana barabarani watu hupenda kusema kwamba fulani "anaunganisha mizigo", au kwamba katika safari fulani "amekula cha juu", kana kwamba kwa kubadili jina shughuli yenyewe imekuwa nyepesi. Na isichanganywe na kazi ya wakala wa forodha, ambaye hupewa leseni na Mamlaka ya Mapato na ambaye peke yake, badala ya mwenye mali, aweza kutoa mzigo forodhani Mutukula au Murongo. Dereva anayejua kila afisa wa mpakani kwa jina bado si wakala wa forodha, na anayejifanya ndiye ajue kuwa anacheza na sheria.

Hebu tufanye hesabu, maana mvuto wa jambo hili uko katika hesabu. Tuseme mfanyabiashara yuko tayari kulipa shilingi 1,000,000 ili magunia yake yafike Mwanza, na yupo mwenye Fuso atakayekubali kwenda kwa 850,000. Aliyewakutanisha amebaki na 150,000, hakununua dizeli ambayo bei yake ya kikomo hupangwa upya na EWURA kila mwezi, hakubadili oili, hakulala kibandani Biharamulo, wala tairi lake halikupasuka. Mwenye gari yeye, akishatoa dizeli, posho ya utingo, ushuru, na akiweka akiba ya matairi na ya matengenezo kama apasavyo (wengi hawaiweki, nao hudhani wanapata faida mpaka siku injini inapokufa), mara nyingi hatabaki na 150,000 katika safari hiyo. Kwa hiyo dalali, kwa simu mbili, amemshinda mtu mwenye chombo cha mamilioni. Ni nani atakayeona hivyo asitamani?

Lakini hesabu hiyo ina upande wake wa pili, nao haufanywi na wengi. Magunia mia ya maharage, kila gunia kilo 100, ni tani 10. Tuseme kilo moja ni shilingi 2,000, basi mzigo ule ni wa shilingi 20,000,000. Ukipotea mzigo mmoja tu, ama kwa gari kupinduka bila bima ya mizigo, ama kwa dereva usiyemjua vizuri kuzima simu baada ya Nyakanazi, vitahitajika vile vijisehemu vya 150,000 mara 134 ili kuufidia. Mtu atasema: mimi ni dalali tu, sheria hainidai mali iliyopotea mikononi mwa mwingine. Huenda mahakamani akashinda. Walakini yule mzee wa Omurushaka hakuukabidhi mzigo wake kwa dereva asiyemjua. Aliukabidhi kwa sababu "kijana wetu wa Ndama" alisema gari ni zuri. Na mahakama iko mbali, kibaraza cha mzee kiko karibu, na kila asubuhi ya soko kijana wetu hana budi kupita mbele ya kibaraza hicho.

Hapo ndipo penye tofauti ya kweli baina ya kazi hizi mbili. Mwenye lori huuza magurudumu: mzigo ukifika salama amelipwa, na mtu haulizi moyoni mwake mlikuwa na nini. Dalali huuza amana, hana kingine. Na amana ni bidhaa isiyo na turubai la kuifunika mvua ikinyesha.

Basi tumtie majaribuni mtu mwenye vyote viwili. Siku moja simu yake inaleta mizigo miwili: mmoja wa maharage, njia ya lami mwanzo hadi mwisho, malipo taslimu, mwingine wa mbao, wa kuufuata ndani kabisa ya Kyerwa kwa njia ya udongo wakati wa masika, malipo baada ya mwezi. Yeye ana gari lake, na ana wenzake watatu wanaomtegemea awatafutie. Ni nani atakayepewa maharage? Akijipa yeye kila mara, baada ya miezi miwili wale watatu watajua, kwa kuwa madereva huzungumza, na hakuna baraza lenye habari nyingi kama foleni ya mizani. Hawatagombana naye, ila simu zao zitakuwa hazipokelewi siku anapowahitaji. Kwa upande wa mwenye mzigo mambo ni mazito zaidi. Mfanyabiashara aliyemwomba amtafutie gari la bei nafuu alidhani ametuma mtu upande wake. Kumbe mtu huyo ana gari la kwake linalotaka bei kubwa. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, katika masharti yake ya uwakala haikulisahau jambo hili: wakala anayejipa yeye mwenyewe biashara ya aliyemtuma, pasipo kumjulisha, aweza kudaiwa faida yote aliyojipatia kwa njia hiyo. Wazee wetu wa pwani waliijua kanuni hii kabla haijachapwa, na kwa ajili hiyo dalali wa mnada hakutakiwa kujinunulia kwa siri kitu alichokinadi.

Kuhusu karatasi, nitapita upesi. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kushika mahali pa SUMATRA, humpa mwenye lori leseni ya gari lake; leseni ile ni ya gari hilo, haigeuki kuwa ruhusa ya kufanya biashara juu ya magari ya watu. Atakayechukua ujira wa kuunganisha mizigo kama kazi ya kudumu ajue kuwa amefungua biashara nyingine, yenye kuhitaji leseni yake ya biashara na hesabu zake mbele ya Mamlaka ya Mapato, na kwamba pesa yote ikipita mikononi mwake bila stakabadhi, ile 1,000,000 yaweza kuhesabiwa kuwa mapato yake nzima, ilhali yeye alikula 150,000 tu. Bima ya lazima ya gari, nayo, humlinda mtu wa tatu aliyegongwa. Gunia la maharage lililo juu ya bodi si mtu wa tatu. Bima ya mizigo ni nyingine, hununuliwa mbali, na dalali asiyeomba kuiona kabla gari halijapakia ameacha swali la kwanza la kazi yake.

Lipo jambo la mizani ambalo ningependa kulikalia kidogo, kwa sababu linaonyesha vizuri jinsi ulimi wa dalali unavyoweza kumponza dereva. Tangu tarehe 1 Machi 2019 Tanzania inatekeleza sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, ya mwaka 2016, ambayo huruhusu hadi tani 56 kwa gari refu la ekseli saba, na kwa Fuso ya ekseli mbili tani 18, gari na mzigo pamoja. Sasa, mwenye maharage husema "magunia mia", na dalali hurudia "magunia mia", na kwa hesabu ya shule hizo ni tani 10. Lakini huku shambani gunia mara nyingi ni lumbesa, yaani gunia lililoshonewa kilemba juu yake likawa na kilo 120 au zaidi, jambo ambalo Wakala wa Vipimo hulikataza na masoko huliendeleza. Na magunia mia ya namna hiyo ni tani 12, na huenda hata yakapita. Dalali huhesabu magunia, mizani huhesabu kilo. Gari likizidi, anayesimamishwa ni dereva, faini huandikwa kwa gari, mzigo hupunguzwa jua kali, na dalali yuko Kayanga anakunywa chai akisema mtandao haushiki. Kwa hapa mwenye lori aliyegeuka dalali ana sifa ambayo dalali mtupu hana: ameshawahi kusimama pale kwenye mizani yeye mwenyewe, na kwa kulitazama gunia tu anajua kama ni la kilo 100 au ni la kilemba.

Kahawa je? Msomaji wa Dar es Salaam anayesikia Karagwe hufikiria kahawa, naye atadhani kuwa udalali wa lori huko ni wa kahawa. Sivyo. Tangu Serikali ilipoagiza, mwaka 2018, kwamba kahawa iuzwe kupitia ushirika, kahawa ya mkulima hukusanywa na chama chake cha msingi na kupitia chama kikuu, ambacho kwa Karagwe na Kyerwa ni KDCU. Gari la kuichukua hupatikana kwa utaratibu wa chama, na mtu wa katikati mwenye simu hana kiti mezani. Na palipo na kiti, si kiti cha heri. Kahawa inayotafutiwa gari usiku, iendayo upande wa Murongo au vivuko vya Mto Kagera, aghalabu ni ya magendo; nayo sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 haikamati mzigo peke yake, hukamata na chombo kilichoubeba. Mwenye lori anayejua anachokibeba aweza kukataa kwa macho yake. Dalali aliyeyaunganisha magari manne kwa simu hajui ndani ya magunia mna nini, naye akimtia mwenzake katika hasara ya gari zima, hapana kamisheni itakayomrudisha mbele ya mke wa mtu huyo.

Na kwa kuwa tumeitaja kahawa, Kagera kuna desturi moja, yenye kupigwa vita mwaka baada ya mwaka, iitwayo butura: mkulima mwenye shida huuza kahawa ingali maua mtini, kwa bei ya shida yake, na mavuno yanapofika huyachuma yakiwa ya mtu mwingine. Nimewahi kuona madalali wa mizigo wakifanya butura ya magari. Wakati wa maharage, Januari na katikati ya mwaka, magari yanapokuwa adimu, wao humwahidi kila mfanyabiashara gari ambalo bado halijarudi kutoka Kahama, ambalo dereva wake bado hajaulizwa, na ambalo pengine liko gereji. Mwenye lori anaponunua jina la udalali, hicho ndicho kishawishi kitakachomjia kwanza, na yeye ana dawa yake pia: anajua gari hutumia siku ngapi, si kwa kukisia.

Wamarekani, ambao barabara zao zimejaa watu wa aina hii, wenye lori moja na usukani wao, wakiwemo Waafrika Mashariki wengi waliohamia huko, wamelitazama swali letu wakaamua kwa namna yao: atakayekuwa dalali wa shehena sharti apate idhini nyingine mbali na ile ya uchukuzi, na aweke dhamana ya dola 75,000, kwa sheria ya mwaka 2012 iliyoanza kushika mwaka uliofuata, ili mwenye lori asiyelipwa apate pa kudai. Kwao kosa linalochukiwa kuliko yote ni la mchukuzi anayepokea mzigo kana kwamba ataubeba mwenyewe, kisha akaupitisha kichinichini kwa mwingine. Kwetu hakuna dola 75,000. Dhamana ya mtu ni jina la baba yake na mahali anaposali. Nisiidharau dhamana hiyo, kwani kijijini ina nguvu. Lakini haivuki Biharamulo.

Wapo pia waliodhani kwamba kazi yote hii ifanywe na programu ya simu. Lori Systems ilianzishwa Nairobi mwaka 2016 kwa lengo la kukutanisha mizigo na malori. Sendy, ya Nairobi vilevile, ilifunga shughuli zake mwaka 2023. Na mwaka huo huo Convoy ya Seattle, iliyowahi kupata fedha za Bill Gates na Jeff Bezos, nayo ikafunga. Sina furaha ya kuanguka kwa watu. Ninachokiona ni kwamba ugumu wa udalali hauko katika kujua mzigo uko wapi; uko katika kulipa. Mwenye lori hutaka pesa yake akishusha, tena nyingine kabla ya kuondoka ili anunue dizeli. Mwenye mzigo mkubwa hulipa baada ya siku 30 au 60. Dalali husimama katikati ya njaa hizo mbili na mfuko wake mwenyewe. Mwenye lori wa Ndama akichukua akiba ya matairi akamlipa mwenzake kwa ajili ya mfanyabiashara ambaye bado hajalipa, ameanza kukopesha, na kazi ya benki ni ya tatu, hakuwa ameiomba.

Rai yangu ni kwamba aifanye, ila aifanye kwa ufinyu. Asitangaze kuwa ana magari ishirini. Aanze na mzigo wa kurudi, maana hapo ndipo panapo hasara ya bure: lori linalotoka Karagwe limejaa na kurudi tupu limeiunguza dizeli ya safari mbili kwa ujira wa safari moja. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, na foleni ya kivuko ikabaki hadithi, gari la Mwanza huweza kujua saa yake ya kurudi, na mzigo wa kurudi huweza kupangwa badala ya kusubiriwa stendi kwa siku tatu. Awe na wenzake wachache, watatu au wanne, ambao ameyaona matairi yao na bima zao kwa macho. Na la muhimu kuliko yote, cha juu kisiwe cha siri: mwenye mzigo ajue anatoa ngapi, mwenye gari ajue anapata ngapi, na katikati paandikwe. Siku gari lake mwenyewe linapotaka mzigo huo, aseme, "Mzee, gari lenyewe ni la kwangu, na bei ni hii, ukitaka nikutafutie lingine, nitakutafutia."

Najua nitakayojibiwa: ukimtajia dereva kwamba mwenye mzigo anatoa milioni, atataka milioni. Wengine watataka. Hao watamtafuta mwenye mzigo kwa mlango wa nyuma, na watampata, mara moja au mbili. Lakini safari hii inarudiwa kila wiki, na mfanyabiashara wa maharage hana nafasi ya kupiga simu kwa madereva kumi kila anaposhona magunia. Atarudi kwa yule ambaye kwake simu moja inatosha.

Kuna kikwazo kimoja ambacho wanaume hawapendi kukitaja. Udalali ni kazi ya simu, na simu hulia gari likiwa linateremka mlima. Mtu hawezi kuwa na mkono mmoja kwenye gia na mwingine ukibishana bei ya mabati, na anayeweza, Mungu amlinde yeye na watu wa kando ya barabara. Katika nyumba nilizoziona zikiifanya kazi hii vizuri, simu ya mizigo haikuwa ya dereva. Ilikuwa ya mkewe, aliyekaa nyumbani na kaunta buku lililopigwa mistari kwa rula: tarehe, mwenye mzigo, gari, bei, kilicholipwa, kilichobaki. Mama mmoja wa namna hiyo alinionyesha kitabu chake, ukurasa mzima ulikuwa na jina la mfanyabiashara mmoja kwa wino mwekundu, na nilipomuuliza sababu, alisema: "Huyo ni wa kusubiriwa, baba. Tunambebea, ila kwa gari letu tu. Wenzetu hatuwapeleki kwake."

Yule bwana wa Ndama nilikutana naye tena baada ya miezi kadhaa, jioni, gari limeegeshwa, chai mkononi, na kaunta buku kwenye kiti cha utingo. Alikuwa akizungumza kwenye simu na dereva aliyekuwa Mwanza. "Mabati yapo, ni ya mama wa Kayanga. Anatoa laki saba. Mimi nachukua hamsini, wewe laki sita na nusu, nusu akulipe ukipakia." Upande wa pili pakawa kimya, kimya cha mtu anayetafuta mtego uko wapi, kisha sauti ikatoka kwenye simu, na kwa jinsi ilivyokuwa kubwa nami niliisikia:

"Kaka, sasa hiyo hamsini umenitajia ya nini?"